Ugumu wa Somo na Ukali wa Mwalimu

Katika chumba kimoja cha darasa wilayani Koboko, nchini Uganda, chumba kilichoezekwa mabati bila dari, hata mvua kubwa inyeshapo mwalimu hana budi kunyamaza mpaka ipite, nilimkuta asubuhi moja mwalimu wa hesabu, mama wa makamo, amekwisha andika ubaoni swali la gunia la unga wa muhogo. Nyumba ya kwanza imechukua robo ya gunia. Nyumba ya pili imechukua theluthi ya kilichobaki. Je, gunia limebaki na kiasi gani? Kijana wa miaka 17, ambaye wazee wake walimvusha mpaka kutoka Kongo angali mdogo, na ambaye masomo yake yalikuwa yamekatika mara mbili kabla hajafika hapo, alisimama akajibu kwa haraka ya mtu aliyezoea kuadhibiwa kwa kukawia: sehemu tano katika kumi na mbili. Jibu hilo halikuwa sahihi, wala halikuwa la kipumbavu, maana aliyelitoa alikuwa ameijumlisha robo na theluthi barabara, akaitoa jumla yake katika gunia zima, na kosa lake lote lilikuwa moja tu, kwamba theluthi ile ilikuwa ya mabaki na yeye aliihesabu kuwa ya gunia. Wenzake wawili watatu walicheka. Mwalimu hakucheka, wala hakumwamuru aketi, aliacha Kiingereza cha kitabu, akamwuliza kwa Kiswahili kile kisikikacho katika masoko yote ya mpakani, "Theluthi ya nini, mwanangu?" Kisha akanyamaza, akaegemea dirisha, akamwachia kijana swali lake.

Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko tuliouzoea. Katika madarasa mengi niliyoyaingia, na mengine niliyafundisha mwenyewe, mwanafunzi akikosea hupata moja katika mambo mawili: ama hukemewa, ama huhurumiwa akaambiwa aketi, na mwenzake aliyeinua mkono akapewa nafasi. Mambo haya huonekana yako mbali kama mbingu na ardhi, ilhali kwa mtoto matokeo yake ni mamoja, kwa kuwa katika hali zote mbili swali limenyang'anywa mikononi mwake kabla hajalimaliza.

Walimu na wazazi wa mji wa Arua hujadiliana mara kwa mara juu ya uzito wa masomo na raha ya mtoto, na aghalabu mjadala wao huendeshwa kama mizani ya duka, kwamba ukiongeza huku basi kule kumepungua. Wapo wanaosema kuwa mtoto asiyebanwa hafiki popote, na kwamba mtoto wa jimbo letu la West Nile, aliye mbali na Kampala kwa mwendo wa karibu kilometa 500, hana la kumwokoa ila alama zake. Wapo wanaojibu kwamba watoto wamechoka, wana hofu, wengine hulia usiku wakikumbuka walioachwa nyuma vitani, basi wapunguziwe. Mimi naona pande zote mbili zimechanganya vitu viwili ambavyo lugha yetu imekwisha vitenga, yaani ugumu na ukali. Ugumu ni sifa ya jambo lenyewe: kutafuta theluthi ya robo tatu ni kugumu, awe anayefundisha ni mpole au jabari. Ukali ni tabia ya mtu, na kwa kuwa shule ni kazi ya watu, waweza pia kuwa tabia ya shule na ya mtihani. Mtoto aweza kupewa jambo gumu bila ukali hata chembe. Na aweza, kwa masikitiko makubwa, kufanyiwa ukali wa kila namna kwa ajili ya mambo mepesi yasiyomwongezea fahamu yoyote.

Ili msomaji aliye mbali anielewe, yafaa nieleze jinsi mambo yalivyopangwa Uganda. Elimu ya msingi ni ya miaka saba, na mwishoni mwake Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa mwaka 1983, hutoa mtihani wa masomo manne kwa siku mbili: siku ya kwanza hesabu asubuhi na elimu ya jamii alasiri, siku ya pili sayansi na Kiingereza. Kila somo lina daraja, kuanzia 1 ambayo ndiyo bora mpaka 9, kisha zote nne hujumlishwa, hivyo aliyeshinda kupita wote huwa na 4, na aliyeanguka katika yote huwa na 36. Nambari hiyo humfuata mtoto kama jina la pili. Matokeo yatokapo, shule za kulipia hutundika mabango kando ya barabara yenye picha za watoto waliopata 4, na mzazi apitaye juu ya bodaboda huzihesabu picha hizo kabla hajauliza kitu kingine chochote kuhusu shule yenyewe.

Mtihani wa namna hii ulizaliwa katika zama za uhaba. Zamani nafasi za sekondari katika jimbo zima zilikuwa za kuhesabika, na kijana aliyeitwa katika shule ya Mvara au ya Ombaci alikuwa amechujwa miongoni mwa wengi walioachwa. Kazi ya mtihani ilikuwa kuchuja, na iliifanya. Kisha mwaka 1997 serikali ikafungua milango ya shule za msingi kwa wote, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda, ndani ya mwaka mmoja, kutoka kama milioni tatu hata kupita milioni tano. Mwaka 2007 ikafuata elimu ya sekondari kwa wote. Milango ilifunguliwa, lakini chujio halikuondolewa mlangoni. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha andika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule ya msingi haifai kuwa matayarisho ya sekondari tu, bali iwe elimu iliyokamilika yenyewe. Na ingawa aliyaandika hayo kwa ajili ya Tanzania, kila nikipita penye mabango yale ya Arua maneno hayo hunirudia.

Tazama basi saa za mtoto wa darasa la saba. Katika shule nyingi za bweni si ajabu kumkuta amekwisha amka saa kumi na moja za alfajiri, amevaa sweta, amesinzia juu ya kitabu katika masomo ya kabla ya masomo ambayo wenyewe huyaita prepu. Na usiku, wenzake wa madarasa ya chini wakiwa wamelala, yuko katika prepu nyingine. Afanyacho katika saa hizo ni nini? Aghalabu ni kunakili majibu ya mitihani iliyopita, mwaka baada ya mwaka, mpaka ajue kwamba swali lenye sura hii hujibiwa hivi. Hapana ugumu katika kazi hiyo, kwa maana ya ugumu unaokuza akili. Kuna uzito tu, kama uzito wa dumu la maji kichwani, ambao humchosha mchukuzi bila kumfundisha njia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaozisifu shule hizo kwamba zina viwango vya juu. Zina saa nyingi.

Na penye uchovu wa namna hiyo, fimbo haiwi mbali. Wizara ya Elimu ilikwisha toa waraka mwaka 2006 wa kuikataza, na mwaka 2016 sheria ya watoto ilirekebishwa ikaipiga marufuku shuleni waziwazi; hata hivyo ingali ipo, nyuma ya mlango wa ofisi au kwapani mwa mwalimu wa zamu, na wazee wengi wa heshima huitetea kwa kusema, "Sisi tulipigwa, na tukasoma." Nawasikiliza kwa adabu, maana wengine ni walimu wangu. Lakini wale walioikimbia shule kwa sababu ya fimbo hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Wako mashambani, wako tanurini wakichoma matofali, na hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya jaribio lililobaki mashuhuri. Waliwafunza panya wadogo kuchagua mlango mweupe na kuuacha mweusi, na kila panya alipokosea alipata mshtuko wa umeme. Pale weupe na weusi ulipokuwa dhahiri, panya alijifunza upesi zaidi kadiri mshtuko ulivyozidi; lakini tofauti ilipopunguzwa ikawa ya kutambulika kwa shida, mshtuko mkali ulimchelewesha, na waliotangulia ni wale waliopata wa wastani. Mtoto si panya, na sitaki kulipa jaribio hilo uzito usio wake, lakini ndani yake limo jambo ambalo kila mwalimu amewahi kuliona kwa macho: fimbo humfanya mtoto afagie uwanja hima, asimame mstari ulionyooka, aikariri jedwali ya saba bila kukosea, na kwa sababu hiyo mwenye fimbo huamini kwamba inafaa. Inafaa katika mepesi. Lifikapo swali la theluthi ya kilichobaki, ambapo akili haina budi kutulia na kutazama mara mbili, hofu hulitanda jicho lile lile linalohitajika.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi umetoka Luwero, huku huku Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango uitwao Good School Toolkit, ambao huwashirikisha walimu, wanafunzi na wazazi katika kuibadili hali ya shule bila viboko, na watafiti wakaujaribu katika shule 42 za msingi, nusu zikiupata mpango kwanza na nusu zikisubiri. Baada ya miezi 18, kama ilivyochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health, hatari ya mtoto kupigwa na wafanyakazi wa shule katika juma lililotangulia ilikuwa imepungua kwa asilimia 42. Watoto walijiona salama zaidi. Alama zao za masomo hazikuonyesha tofauti. Wapo watakaosoma neno hilo la mwisho kwa kukata tamaa. Mimi nalisoma kwa namna mbili. Kwanza, wanaodai kwamba pasipo fimbo elimu itaanguka hawana hoja tena, kwa kuwa fimbo ilipungua na elimu haikuanguka. Pili, amani peke yake haifundishi hesabu. Mtoto akishaondolewa hofu, mtu hana budi kumwekea mbele jambo la kufikiri, na hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza.

Lakini ugumu nao una mahali pake, na katika nchi yetu ya lugha nyingi mara nyingi huketishwa pasipo pake. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda umeagiza kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya nyumbani, yaani Kilugbara upande wa Arua na Kikakwa upande wa Koboko. Darasa la nne liwe kivuko. Na kuanzia la tano yote yawe kwa Kiingereza. Ni mpango wenye busara, na juu ya karatasi ni mzuri. Njoo sasa ukae katika benchi moja la Koboko, mji ulio karibu na Sudan Kusini upande mmoja na Kongo upande mwingine, uone wanaoketi humo: huyu ni Mkakwa, huyu Mlugbara, huyu mama yake ni Mnubi, yule anajua Kiarabu cha Juba, na yule wa mwisho kazaliwa ng'ambo ya mpaka na amekuja na Kilingala na Kiswahili. Lugha ya nyumbani ni ya nyumba ipi? Na hata yule aliyebahatika lugha ya darasa kuwa ndiyo ya mama yake, kivuko cha mwaka mmoja humtupa ng'ambo angali hajui kuogelea.

Nimemwona mtoto ambaye kila Jumamosi humsaidia mama yake kupima unga kwa kopo sokoni, ambaye hukata bei, hutoa chenji, hukumbuka nani anadaiwa nini, akaandikiwa sifuri katika swali la kugawa, kwa sababu hakulijua neno la Kiingereza la "kilichobaki". Kichwani mwake hesabu ilikuwapo, na iliyomshinda ni lugha. Lakini daftari halina nafasi ya kuandika hivyo, na mwalimu mwenye watoto 100 hana nafasi ya kuulizia. Mtoto akaenda nyumbani na itikadi kwamba hesabu si yake. Ukimwongezea mtoto huyo mazoezi umemwongezea dhiki, na ukimpunguzia umemwongezea dharau; afadhali umwondolee jiwe la lugha njiani kwa dakika moja, kama alivyofanya mama yule wa Koboko, kisha umwachie mlima wake aupande.

Kuhusu Kiswahili chenyewe nina neno, na wasomaji wa pwani wanisamehe nikilirefusha. Kwetu lugha hii iliingia kwa njia ya soko la Kongo, na pia kwa njia ya kambi, maana vijana wengi wa West Nile waliandikishwa katika jeshi la King's African Rifles, na Kiswahili walichorudi nacho kilijaa amri: simama, kaa, nyamaza, geuka. Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na yaliyofuata katika utawala wake yaliwafanya Waganda wengi wa kusini wakisikie Kiswahili kama sauti ya askari mlangoni. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Nalifurahia jambo hilo kuliko niwezavyo kusema, na nalihofia pia. Lugha iliyowahi kufika kwa amri ikirudi tena kwa amri, ikawa jedwali za ngeli za kukariri na adhabu kwa atakayekosea, watoto wataichukia kwa haki. Ilhali ni lugha ambayo nusu ya soko la Arua huitumia kufanyia biashara na kutaniana, na mtoto angeingia darasani akiwa tayari na mtaji.

Sasa niseme juu ya wakimbizi, ambao ndio waliolifanya suala hili lisiweze kuahirishwa. Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa Agosti 2016 na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na zaidi ya watu 270,000. Rhino Camp na Imvepi ziko upande wa kusini. Na Lobule, katika wilaya ya Koboko, imewapokea Wakongo tangu mwaka 2013. Kanuni ya serikali hutaka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 53, na katika shule za makazi hayo zimeonekana hesabu zilizopita 100, hata mwaka 2018 Uganda ikatunga mpango maalumu wa elimu kwa wakimbizi na wenyeji pamoja, na baadhi ya shule zikaanza kufundisha kwa zamu mbili kwa siku. Wenyeji walioombwa kuwapisha wageni katika mabenchi hayo si wageni wa jambo hili. Baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu, na wengi hawakurudi mpaka miaka ya katikati ya themanini. Na Ombaci ile ile ambayo wazazi huiota kwa ajili ya watoto wao ni mahali ambapo tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliokuwa wamejisitiri katika misheni. Mzee wa Koboko akikwambia kwamba mtoto aliyekimbia vita huona maandishi ya ubaoni yakimchezea, hakulisoma kitabuni.

Ndiyo maana huruma ni nyingi huku, na ndiyo maana nataka kuionya. Kuna huruma inayomletea mtoto uji, na hiyo naiombea izidi, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imewaachia wazazi chakula cha mchana cha wanafunzi, na mzazi asiye na kitu hana cha kutoa. Mtoto aliyekula jana jioni akifika saa nane za mchana hana somo jepesi wala gumu, ana njaa tu. Lakini kuna huruma nyingine inayoshusha kiwango. Nayo naijua, kwa sababu niliitenda.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na madarasa mengi hayakurejea kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watoto walipandishwa madarasa bila mtihani. Nilipokea darasa la sita katika shule moja ya Arua, watoto walioondoka wakiwa wa la nne, na katika miaka ile miwili wengine walifyatua matofali, wengine waliuza mihogo ya kuchemsha kando ya barabara, na katika rejista yalikuwapo majina ya wasichana ambayo nilipoyaita yalijibiwa na kicheko cha aibu. Niliingiwa na simanzi, nikasema moyoni kwamba watoto hawa wamekwisha pata taabu ya kutosha, nami sitawaongezea. Kwa majuma sita niliwapa kujumlisha na kutoa, maandishi mazuri, michoro, nyimbo. Darasa lilikuwa tulivu na mimi nikajiona mwema. Kisha msichana mmoja, aliyekuwa akiketi karibu na mlango kwa sababu alichelewa kila siku akitoka kuchota maji, alinifuata baada ya kengele na daftari lake mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, haya ni ya darasa la tatu. Kwani unatuona sisi hatuwezi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemhifadhi mtoto yule na hofu ya kushindwa, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimemtangazia kwamba amekwisha shindwa. Jumatatu iliyofuata nilileta swali la darasa la sita, zima, bila kulipunguza, ila nililikata vipande ili kila kipande kiwe ngazi ya kukanyagia, na nikawaketisha wawili wawili. Msomi wa Kirusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, alifundisha kwamba baina ya lile mtoto awezalo peke yake na lile asiloliweza kabisa kuna uwanja wa yale ayawezayo akishikwa mkono, na kwamba kufundisha kwenye faida hufanyika katika uwanja huo. Mimi nililijifunza kwa yule msichana wa karibu na mlango, na nililijifunza kwa kuchelewa.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niende Koboko kulitazama darasa la yule mama. Ni darasa la mpango wa elimu ya haraka, uliowekwa kwa watoto na vijana wa miaka 10 hadi 18 ambao shule iliwapita, na ambao huikusanya miaka saba ya msingi katika daraja tatu tu: ya kwanza hubeba darasa la kwanza hata la tatu, ya pili la nne na la tano, ya tatu la sita na la saba. Kwa hesabu ya ugumu, hapana shule ya msingi ngumu kuliko hiyo. Mwanafunzi wake ana nusu ya muda na mara mbili ya mashaka. Mwingine ana mtoto mgongoni, na katika baadhi ya vituo kuna pembe iliyotengwa ambapo mlezi humshika mtoto ili mama yake asome. Hata hivyo sikuona haraka humo. Walikuwa wameacha mengi yasiyohitajika, gwaride, kunakili kurasa, kusubiri, ili wapate nafasi ya kukaa na lililo gumu.

Ni haki pia kusema kwamba serikali imeanza kulihamisha lile chujio la mtihani. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na waliofanya mtihani wake wa kwanza mwaka 2024 walipewa herufi badala ya jumla za zamani, na asilimia 20 ya alama ilitokana na kazi walizozifanya shuleni katika miaka yao. Maswali sasa humpa mwanafunzi hali ya maisha na kumtaka aitatue. Huo ni ugumu wa kweli, nami naupokea kwa moyo wote. Lakini mwalimu wa kuufundisha ni yule yule, mwenye darasa lile lile, na mwaka 2022 alishuhudia mshahara wa mwenzake wa sayansi mwenye shahada ukipandishwa hata shilingi milioni nne kwa mwezi ilhali wake wa historia ukibaki karibu milioni moja, jambo lililozaa mgomo mwezi wa Juni mwaka huo. Mwalimu wa msingi wakati huo alipata kama laki tano. Subira ya kumngoja mtoto afikiri hutoka katika nafsi iliyotulia, na nafsi ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba haitulii kwa kuagizwa na waraka.

Kijana wa Koboko alisimama kwa muda ambao siwezi kuukadiria, akitazama ubao, midomo ikimtembea. Wale waliocheka walikuwa wamenyamaza, mmoja akichora gunia pembeni mwa daftari lake na kulikata kwa kalamu. "Ya kilichobaki," akasema kijana hatimaye, kama anayejisemea mwenyewe, na kisha, baada ya kuandika kitu kiganjani kwa kidole, "Nusu. Limebaki nusu, mwalimu." Mama yule alitikisa kichwa kukubali, wala hakumpigia makofi. Alichukua chaki, akaongeza mstari mmoja chini ya swali: nyumba ya tatu imekuja ikachukua sehemu tatu katika tano za hiyo nusu, gunia zima lilikuwa kilo 80, mjane wa nyumba ya nne amekuta kilo ngapi? Kijana aliketi, akavuta daftari, na mwalimu akarudi dirishani.